Nambari 43

Alinitambua kabla sijamtambua. Nilikuwa nimeshuka Kakola asubuhi, nasubiri gari la kurudi Kahama, nikaingia kwenye kibanda cha mama lishe kutafuta chai. Mwenye kibanda akanitazama, akaniwekea kikombe mezani, akasema, "Wangaluka, mdogo wangu. Umenisahau?"

Sauti ndiyo iliyonikumbusha. Niliwahi kuisikia usiku mwingi kwenye redio ya mawasiliano, ikiomba nafasi ya kupita au ikiripoti jiwe limeanguka katikati ya barabara. "Shikamoo dada," nikasema. Akaitikia. Alikuwa dereva wa tipa katika kampuni tuliyofanya kazi sote wawili, yeye barabarani, mimi ofisini. Walipopunguza watu yeye aliondoka, mimi nikabaki. Tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Kisha, huku akigeuza chapati, bila hasira yoyote, akauliza:

"Hivi, mimi nilikuwa wa ngapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Nambari 43 kati ya 54. Nililijua kwa sababu nambari hiyo niliitengeneza mimi.

Anayeishi Kahama au Geita anajua kwamba kazi ya mgodini ina msimu wake kama pamba, ila msimu wenyewe hautabiriki. Mwaka 2017, makinikia yalipozuiwa kusafirishwa nje, Bulyanhulu ilipunguza kazi, na mshtuko ukafika mpaka kwa wauza nyanya. Mwaka 2021 uzalishaji wa Buzwagi, mgodi uliokuwa unaonekana kutoka mjini, ulifikia mwisho. Mgodi mkubwa ukipiga chafya, makampuni madogo yanayoufanyia kazi, ya usafiri, ya chakula, ya ulinzi, ya kuchoronga miamba, yanalazwa kitandani. Kampuni yetu ilikuwa mojawapo ya hayo madogo. Tulibeba kifusi na mawe. Mkataba ulipopunguzwa, meneja aliniita kwenye kontena lililokuwa ofisi yake akasema madereva na waendesha mitambo wako 54, na fedha iliyopo inatosha 40.

"Sitaki mtu aje kuniambia nimempendelea ndugu yangu," alisema. "Wewe unaijua Excel. Weka vigezo, kompyuta iamue."

Niseme ukweli: nilifurahi. Nilikuwa kijana wa utumishi mwenye cheti kipya, na nilikuwa nimeona namna mambo yalivyoamuliwa kabla. Niliwahi kuona dereva mzembe akibaki kwa sababu alikuwa wa kijiji kimoja na msimamizi, na fundi hodari akiondolewa kwa sababu alijibu kwa sauti kubwa. Jedwali halina kijiji. Halinywi soda ya mtu. Niliamini kwamba nikiipata fomula sahihi, nitakuwa nimewatendea haki watu 54 kwa usiku mmoja.

Nikaweka safu nne. Ya kwanza mahudhurio, ya pili tija, yaani idadi ya tripu kwa zamu ikilinganishwa na lengo, ya tatu usalama, ya nne alama ya msimamizi. Kila safu ilikuwa na alama 100. Meneja alipendekeza uzito: mahudhurio asilimia 30, tija 30, usalama 20, msimamizi 20. Nikazidisha, nikajumlisha, kisha nikaiambia kompyuta ipange kutoka wa kwanza hadi wa mwisho.

Mara ya kwanza nilikosea, na kosa lenyewe linafaa kusimuliwa. Fomula ya kupanga nafasi huitaji vitu viwili: alama ya mtu, na orodha anayolinganishwa nayo. Orodha hiyo lazima ifungwe kwa alama ya dola, la sivyo ukiinakili fomula kuelekea chini, orodha nayo inateremka. Nilisahau dola. Mtu wa kwanza alilinganishwa na watu 54, wa pili na 53, na kadhalika, mpaka mtu wa mwisho akalinganishwa na nafsi yake na visanduku vitupu. Akawa wa kwanza. Na kwa kuwa orodha niliipanga kwa namba ya ajira, wageni walikuwa chini; kwa hiyo wageni wengi wakang'ara na wakongwe wakazama.

Niligundua kwa sababu mmoja tu: yule aliyetokea wa kwanza kutoka mwisho alikuwa ameandikiwa barua mbili za onyo mwezi uliopita. Nikacheka, nikaweka dola, nafasi zikakaa sawa. Lakini baadaye nilijiuliza: je, kama mtu wa mwisho kwenye orodha angekuwa dereva mzuri? Nisingeshtuka. Ningechapisha karatasi, ningeipeleka, na watu wangepoteza kazi kwa kukosekana kwa alama moja. Kosa nililiona kwa sababu lilipingana na nilichokiamini tayari. Kosa ambalo lingekubaliana na imani yangu lingepita mbele ya macho yangu likiwa limevaa suti.

Hilo lilikuwa kosa la hesabu, na makosa ya hesabu yana dawa. Jambo la pili halikuwa kosa, na ndilo lililoninyima usingizi.

Usiku huohuo, kwa udadisi tu, nilibadilisha uzito. Nilijiambia: hii ni kazi ya magari makubwa, kwa nini usalama uwe 20 tu? Nikaweka mahudhurio 40, tija 20, usalama 30, msimamizi 10. Nikabonyeza. Majina yakaruka. Chukua watu wawili tu. Dada huyu wa zamu ya usiku alikuwa na mahudhurio 96, tija 70, usalama 90, alama ya msimamizi 60. Kwa uzito wa kwanza anapata 79.8. Kijana mmoja wa zamu ya mchana alikuwa na 80, 90, 75 na 85, anapata 83.0. Kijana yuko juu. Kwa uzito wa pili, dada anapata 85.4 na kijana 81.0. Dada yuko juu, na mbali. Watu walewale, kazi ileile, takwimu zilezile, kompyuta ileile. Kilichobadilika ni namba nne ambazo mtu mmoja alizitaja akiwa amesimama kwenye mlango wa kontena, ufunguo wa gari mkononi.

Kwa hiyo kompyuta haikuwa imeamua kitu. Uamuzi ulifanyika kabla haijawashwa: tunathamini nini zaidi, tripu nyingi au tripu salama? Anayefika kila siku, au anayependwa na msimamizi? Hayo ni maswali ya watu kuhusu watu. Fomula iliyachukua, ikayafunika, ikarudisha jibu lenye desimali moja, na jibu lenye desimali linaonekana kama limetoka maabara.

Nilikuwa na majedwali mawili kwenye skrini. Katika moja alikuwa wa 43. Katika lingine alikuwa wa 24. Nikafuta la pili.

Nimejaribu mara nyingi kujitetea kwa kitendo hicho. Uzito wa kwanza ndio ulioidhinishwa. Sikuwa na mamlaka ya kuubadilisha. Na kama ningembakiza yeye kwa kuchezea uzito, mwingine angeondoka, na huyo naye ana watoto. Upendeleo unaofanywa kwa huruma bado ni upendeleo. Utetezi huo wote una ukweli ndani yake. Ila haukuwa sababu. Sababu ni kwamba nikimpelekea meneja orodha mbili, angejua kwamba kompyuta haiamui, na kazi ya kuamua ingemrudia. Alikuwa ameniita ili isimrudie. Na mkataba wangu nao ulikuwa unaisha Machi.

Orodha ikaenda. Aliyekuwa wa 40 alikuwa na 80.4. Wa 41 alikuwa na 80.1. Kati ya kubaki na kuondoka kulikuwa na sehemu tatu za kumi za alama moja. Dada huyu, kama msimamizi wake angempa 64 badala ya 60, angebaki. Hebu fikiri: mtu mzima anashika kalamu, mbele yake kuna fomu zaidi ya ishirini, amechoka, anaandika 60. Angeweza kuandika 65 na asingeona tofauti. Hakuna binadamu anayeweza kutofautisha utendaji wa 60 na wa 64. Lakini jedwali linaweza, na likishatofautisha linasema kwa ujasiri kwamba huyu ni bora kuliko yule.

Kupanga watu kwa nafasi kuna tabia nyingine, ambayo sisi tuliosoma shule za Tanzania tunaijua tangu darasa la kwanza: lazima awepo wa mwisho. Nilikua na ripoti za shule zilizoandikwa "nafasi ya 61 kati ya 88", na mzazi hakuuliza nilipata ngapi. Aliuliza wangapi wamenipita. Darasa zima linaweza kufaulu vizuri na bado mmoja akarudi nyumbani akiwa wa 88. Linaweza pia kufeli lote, na mmoja akazawadiwa madaftari kwa kuwa wa kwanza kati ya waliofeli. Nafasi haisemi umefanya nini. Inasema uko wapi kwenye mstari. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha desturi ya kutaja wanafunzi na shule kumi bora. Sababu iliyotolewa ni kwamba watoto wamesoma katika mazingira tofauti, na kuwashindanisha hakuna tija. Wengi walilalamika kwamba ushindani umeuawa. Mimi nilimfikiria wa 43.

Makampuni makubwa ya dunia nayo yalipita njia hii. Jack Welch, aliyeiongoza General Electric ya Marekani kuanzia 1981 hadi 2001, aliifanya kuwa maarufu desturi ya kuwagawa wafanyakazi kila mwaka katika mafungu: asilimia 20 wa juu, 70 wa kati, na 10 wa chini ambao walitarajiwa kuondoka. Wengi waliiga. Microsoft ilikuwa na mfumo wake wa kuwapanga watu kwa lazima, na mwaka 2013 ikauacha, baada ya malalamiko ya miaka kwamba wafanyakazi walikuwa wanashindana wao kwa wao badala ya kushirikiana. Ukimwambia mtu kwamba lazima mmoja wa timu yake awe wa mwisho, umempa sababu ya kutomsaidia jirani yake. Katika ofisi hilo linaharibu urafiki. Kwenye barabara ya mgodi, ambako dereva mmoja ndiye anayemwambia mwenzake kwenye redio kwamba kona ya mbele ina utelezi, linaweza kuua mtu.

Nirudi Kakola.

"Ulikuwa wa 43," nikamwambia. "Walibaki 40."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa umbali wa mahali alikokwishafika kwa miguu. "Na nilianguka kwenye nini?"

Nikatoa kalamu, nikachora safu nne nyuma ya karatasi ya risiti. Nikaandika alama zake. Nilikuwa bado nazikumbuka. Aliitazama ile karatasi kwa muda, akaweka kidole chenye unga kwenye 70.

"Hii ni nini?"

"Tripu kwa zamu."

"Usiku tulikuwa na kijiko kimoja," akasema. "Mchana mlikuwa na viwili. Tipa saba tunapanga foleni tunasubiri kijiko kimoja kitupakilie. Ningeleta wapi tripu? Ningejipakilia kwa beleshi?"

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimeajiriwa pale miaka miwili. Nilikuwa na orodha ya mitambo yote kwenye faili jingine, kwenye kompyuta ileile. Sikuwahi kuyaweka mafaili hayo mawili pamoja, kwa sababu mimi nilikuwa nalala usiku. Safu niliyoiita tija haikumpima yeye. Ilipima kijiko. Na ile 60 ya msimamizi, akanieleza, ilitoka kwa mzee ambaye hakuwahi kumpa mtu yeyote zaidi ya 65, kwa sababu aliamini 70 ni ya malaika. Wakati msimamizi wa mchana aligawa 85 kama peremende. Kati ya safu nne nilizomjaza dada huyu, mbili zilikuwa habari za watu na vitu vingine.

Msomaji anayejua majedwali atasema: hilo lina tiba. Linganisha kila dereva na wastani wa zamu yake. Atoke wa usiku apimwe na wa usiku, wa mchana na wa mchana; alama za msimamizi mkali zipandishwe, za mkarimu zishushwe. Ni kweli, na fomula yake si ngumu. Lakini tazama unachokuwa umekubali bila kusema: kwamba zamu zote mbili zina watu wa uwezo sawa. Kama kampuni iliwapeleka madereva wake hodari usiku kwa makusudi, kwa sababu usiku ni hatari zaidi, basi sasa unawaadhibu kwa kuwa na wenzao hodari. Ukirekebisha hilo, utakuwa umeingiza dhana nyingine. Hakuna mwisho wa safari hiyo. Kila kitufe unachobonyeza kuondoa dhuluma moja kinakuja na dhana yake mfukoni, na dhana hiyo inahitaji mtu anayelijua eneo aseme kama ni kweli au si kweli.

Mtu huyo alikuwepo. Walikuwepo 54. Hakuna aliyewauliza.

Babu yangu alilima pamba Kishapu, na kitu alichokichukia kuliko wadudu wa pamba kilikuwa mizani. Alisimulia jinsi mkulima alivyobeba gunia kutoka shambani akijua uzito wake kwa mgongo wake mwenyewe, akafika kwa mnunuzi, akaambiwa namba ambayo mgongo uliikataa. Mnunuzi alisimama upande wa kuisomea mizani; mkulima alisimama upande wa pili. Hayo hayakuwa ya babu peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Usukuma waliochoshwa na mizani za wanunuzi waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba, watu wanaowaamini, wasimame pale na kuhakiki kilo. Kutokana na vuguvugu hilo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vyama vya ushirika vilienea kanda nzima, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chama kikuu kilichokuja kuwa miongoni mwa vikubwa kabisa barani Afrika.

Ninachokiona katika habari hiyo ni dai lao la kwanza. Hawakuanza kwa kusema mizani iondolewe. Walijua mizani ina faida. Bila mizani bei inakuwa ya mdomo, na kwenye mdomo mwenye nguvu hushinda. Hawakudai pia mizani mpya ya kisasa kutoka Ulaya. Walidai mtu wao asimame upande unaosomeka. Leo ukiingia kwenye soko la madini Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, utamwona mchimbaji mdogo akiinamisha shingo kuisoma namba ya mizani kabla dhahabu yake haijatolewa juu yake. Shingo ile iliyoinama ni urithi uleule.

Serikali nayo ilipita hapo kwa njia yake. Kwa miaka mingi mtumishi wa umma alijaziwa fomu ya siri. Mkuu wake aliandika, mwenyewe hakuona. Mwaka 2004 ukaja mfumo tuliouzoea kwa jina la OPRAS, ambao kwa Kiswahili uliitwa wa wazi, na neno hilo ndilo lililokuwa na uzito: mtumishi akubaliane na msimamizi wake malengo mwanzoni mwa mwaka, na mwishoni wakae wote wawili watie alama na saini. Waliofanya kazi serikalini watakuambia jinsi katika ofisi nyingi uligeuka kuwa makaratasi ya kujaza haraka mwezi Juni, na sasa umepisha mfumo wa kompyuta wa PEPMIS. Lakini wazo lililokuwa ndani yake halikuzeeka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo wa 2004 inabeba wazo lilelile. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa na habari zinazohitajika, kisha ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu sababu, kuhusu njia za kuepuka au kupunguza upunguzaji wenyewe, na kuhusu namna ya kuwachagua watakaoondoka. Namna ya kuwachagua: yaani safu, na uzito wa kila safu. Kwetu kikao kilifanyika, chai ikanywewa, na watu wakaambiwa kigezo ni "utendaji". Nani atapinga utendaji? Ni sawa na kumwambia mkulima kwamba pamba yake itapimwa kwa uzito.

Meneja wangu, ambaye hakuwa mtu mbaya, angenijibu hivi: ukiwaita watu 54 wajadili uzito wa safu, kila mmoja atataka uzito unaomfaa. Mwenye mahudhurio mazuri atapigia debe mahudhurio, mwenye tripu nyingi atapigia tripu. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Ni kweli. Lakini methali hiyo inamhusu na meneja. Aliposema tija 30 na usalama 20, naye alikuwa anaivuta ngozi kwake, maana mgodi ulimlipa kwa tripu. Tofauti ni kwamba yeye alivuta peke yake, gizani, na mimi nikapigilia misumari. Ngozi inayovutwa na wengi kutoka pande zote angalau hukaa bila kukunjamana.

Angesema pia kwamba mwisho wa siku 14 wangeondoka tu. Hilo nalo ni kweli, na ni zito. Hakuna mashauriano ambayo yangezaa mishahara 54 kutoka fedha ya 40. Pengine baada ya kusema habari ya kijiko, baada ya kurekebisha kila kitu, dada huyu bado angekuwa wa 43. Nimefikiri sana kama hapo kungekuwa na tofauti yoyote. Naamini ingekuwepo. Kuna kupoteza kwa sababu unayoijua, uliyoipinga, ukasikilizwa na ukashindwa. Na kuna kupoteza kwa namba ambayo hata aliyeitoa hawezi kuieleza mbele ya kikombe cha chai. Wa kwanza amenyimwa kazi. Wa pili amenyimwa kazi, kisha akanyimwa na maelezo, na akaachiwa aamini kwamba pengine hakuwa dereva mzuri. Alikuwa ameamini hivyo kwa mwaka mzima na zaidi. Aliniambia mwenyewe: "Nilidhani macho yangu yameanza kuchoka."

Siku hizi nafanya kazi kwingine, na bado natengeneza majedwali. Sijaacha, kwa sababu sitaki kurudi kwenye enzi za msimamizi na soda yake. Ila nimejiwekea masharti matatu. Safu na uzito vibandikwe ukutani kabla ya kipindi cha kupimwa kuanza, vikiwa vimejadiliwa. Kila mtu auone mstari wake mwenyewe, na apewe wiki moja ya kusema "hii si mimi, hii ni kijiko", kabla fomula ya nafasi haijabonyezwa. Na pale tofauti inapokuwa ndogo kuliko mkono wa mtu unavyoweza kuyumba anapoandika alama, tunawahesabu watu hao kuwa sawa, na uamuzi kati yao unafanywa na watu wenye majina, watakaotia saini na kueleza. Wenzangu wanasema masharti haya yananichelewesha. Yananichelewesha kweli.

Pale Kakola gari la Kahama lilifika, kondakta akaanza kupiga bodi. Nikataka kulipia chai na chapati mbili, akakataa kupokea. Nikamwambia niliyokuwa sijawahi kumwambia mtu: kwamba kulikuwa na jedwali la pili, kwamba humo alikuwa wa 24, kwamba nililifuta.

Alinyamaza. Akaifuta mikono yake kwenye kanga. Nilitegemea anitukane, na ningeona nafuu.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua, dada."

Akaichukua ile risiti yenye safu nne, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye kopo la chenji. "Hii nabaki nayo," akasema. Kisha akamgeukia mteja mwingine, mchimbaji aliyetapakaa vumbi, akamuuliza anataka chapati ngapi.